Muulize Fundi: Ndege ya kujijengea nyumbani, unaanzia wapi?

Toleo lililopita niligusia mistari minne tu kwamba mimi na wenzangu wawili tunajenga ndege ya watu wawili kwenye banda la nyuma ya nyumba hapa Arusha, sikuandika zaidi ya hapo. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja mpaka mhariri kaniambia ukurasa wote wa mwezi huu nijibu hizo tu, za majenereta na pampu za maji zisubiri. Haya, tuanze, na nianze na ile iliyoninyima usingizi.

Shikamoo fundi. Mimi nachomelea mageti hapa Kahama, nina miaka 26. Nimetengeneza ndege ya skwea paipu ya inchi moja, mabawa ni bati, injini nimetoa kwenye Boxer 150, propela nimechonga mwenyewe kwa mbao ya mninga. Nimeikimbiza uwanja wa mpira mara tatu haijapaa na watu wananicheka. Nimekosea wapi? Nikifunga injini ya gari si itapaa? – Fundi geti, Kahama

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hao wanaocheka waache, hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuchonga propela kwa mkono. Mi nimekaa na ndege miaka 22 na bado kazi hiyo inanitoa jasho.

Sasa sikiliza. Injini ya Boxer 150 ina nguvu za farasi kama 12 hivi. Ndege ya kwanza ya injini duniani, ile ya Orville na Wilbur Wright iliyopaa tarehe 17 Desemba 1903 kule North Carolina, Marekani, injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 12. Hizohizo. Na wale hawakuwa maprofesa, walikuwa mafundi baiskeli. Kwa hiyo hesabu ya injini peke yake haielezi kwa nini yao ilinyanyuka na yako imegoma, inabidi tuangalie vingine.

Mabawa yao yalikuwa na eneo la mita za mraba 47, hiyo ni nyumba ndogo nzima ya vyumba viwili ukiitandaza, na yote ni mbao nyepesi na kitambaa. Ndege nzima bila mtu ilikuwa kilo 274. Propela zilikuwa mbili, kila moja mita 2.6, zinavutwa kwa mnyororo kama wa baiskeli na zinazunguka taratibu, mizunguko kama 350 kwa dakika, kwa sababu propela kubwa inayosukuma hewa nyingi polepole inavuta kuliko ndogo inayopiga kelele. Yako naamini umeifunga moja kwa moja kwenye injini ya pikipiki inayozunguka maelfu, hapo nguvu yote inaishia kwenye sauti na vumbi. Afu siku ile kulikuwa na upepo mkali unawavumia usoni, zaidi ya kilomita 30 kwa saa, kwa hiyo bawa lilishapata hewa kabla hata hawajaanza kwenda. Na pamoja na yote hayo mara ya kwanza walikaa juu sekunde 12 na wakaenda mita 36, golikipa akipiga mpira unafika mbali kuliko hapo.

Lakini jambo lenyewe hasa liko nyuma ya siku hiyo. Mwaka 1901 walirudi nyumbani kutoka kwenye majaribio wamekata tamaa, wakatengeneza boksi refu lenye feni upande mmoja, wakawa wanaweka ndani vibawa vidogo vya bati, maumbo kama 200, wanapima lipi linanyanyua na lipi halinyanyui. Mwaka 1902 wakajenga ndege isiyo na injini kabisa wakawa wanateleza nayo kutoka kwenye kilima cha mchanga mara mamia, mpaka wakajua kuigeuza na kuituliza. Injini ilikuja mwisho kabisa. Wewe umeanza na injini, na vijana karibu wote wanaoniandikia wanaanza na injini, na siwalaumu kwa sababu injini ndo kitu unachoweza kukishika na kukisikia.

Tuje kwenye paipu. Skwea paipu ya inchi moja yenye unene wa milimita 1.5 ina uzito wa kilo moja na ushee kwa kila mita. Pima mita ulizotumia, kama ni 60 umeshabeba zaidi ya kilo 65 za chuma kabla ya bati, kabla ya injini, kabla yako wewe. Bati la nyumba la unene wa milimita 0.4 lina kilo kama 3 kwa mita ya mraba, alumini ya unene huohuo ni kilo moja na kidogo. Hapo umeona uzito ulikojificha. Na bawa likiwa bapa kama meza linanyanyua kidogo sana, na linaachia hewa mapema, yaani linaacha kunyanyua, ndo maana mabawa ya kweli yana kitumbo juu.

Kuhusu injini ya gari naomba uniskilize kama kaka yako. Ukiifunga inawezekana kabisa ikapaa, na hiyo siku ndo naiogopa mimi. Hujapima uzito umeegemea wapi. Kilo moja iliyoko mita 4 nyuma inahitaji kilo 4 mita moja mbele ili zilingane, ni kama bembea ya watoto, na ndege yenye mkia mzito ikitoka chini inainua pua yenyewe, wewe unasukuma stiki haisikii, bawa linaachia hewa ukiwa mita tano au kumi juu, na kutoka hapo hakuna anayeshuka salama. Usiikimbize tena ukiwa ndani, tafadhali.

Ulichonacho ni mkono wa kuchomelea, na hiyo ni mali. Mwaka 1929 kule Cherry Grove, Minnesota, kijiji tu, jamaa anaitwa Bernard Pietenpol aliyejifunza mwenyewe alirusha ndege ya mbao yenye injini ya gari la Ford Model A, nguvu kama 40, na mpaka leo watu wanajenga kwa michoro yake. Ndege nyingine nyingi za kujijengea zina kiunzi cha paipu nyembamba za chuma kinachoitwa 4130, unene wake unaweza usifike hata milimita moja, na hapo unachomelea kwa gesi au kwa TIG, ule moto wa geti utatoboa. Kwa hiyo anza hivi: tafuta vipande vya paipu nyembamba ya duara, kata mdomo wa paipu kwa tupa uvae vizuri kwenye mwenzake bila mwanga kupita katikati, chomelea, afu ukate kiungo katikati kwa msumeno uangalie ndani kama moto umeingia sawasawa. Fanya viungo hamsini. Ukifika hapo niandikie tena, tutatafuta michoro pamoja.

Fundi habari ya kazi. Mimi ni mhasibu Nakuru, nimeweka akiba miaka kadhaa na nataka kuagiza ndege ya kuunga mwenyewe kutoka nje. Nichukue gani, itanigharimu ngapi, itachukua muda gani na je KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga hapa Kenya, wataniruhusu? – Mhasibu, Nakuru

Salama kabisa. Nianze na swali lako la mwisho maana ndo linapaswa kuwa la kwanza. Kabla ya kutuma hata shilingi, nenda KCAA ukiwa na jina la ndege unayoitaka na michoro yake, uliza ndege ya kujijengea wanaisajili kwa utaratibu gani, nani atakuja kukagua na kwa hatua zipi, hasa kabla hujafunga bawa, kwa sababu bawa likishafungwa hakuna anayeona ndani. Walioko Tanzania waende kwa wenzao wa TCAA pale Banana, Dar. Andika kila ulichoambiwa. Marekani ambako mchezo huu umekomaa, sheria yao inataka zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na mjenzi mwenyewe kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha, wao wanaiita kanuni ya asilimia 51, na viwanda vinapanga seti zao kuendana na hiyo.

Seti maana yake ni masanduku ya vipande vilivyokwishakatwa, na siku hizi vingi vimetobolewa kabisa na mashine, kazi yako ni kuunganisha. Watu wa Zenith kule Missouri wana CH 750, ndege ya mabawa manene inayopaa na kutua sehemu fupi hata pasipo lami, ndo tunayojenga sisi. Van's Aircraft wa Oregon wana zile RV zinazokwenda kasi, na zaidi ya 11,000 zimesharuka duniani. Na usisahau Sling, hizo zinatengenezwa Afrika Kusini karibu na Johannesburg, kwa sisi wa huku ni majirani.

Gharama siwezi kukupa namba moja kwa sababu kila mtu anafunga vyake, ila mhasibu utanielewa nikisema hivi: seti ya mwili wa ndege ni sehemu tu ya bili. Injini mpya ya Rotax 912, ile ya Austria ya farasi 80 au 100, peke yake inazidi dola 20,000. Weka propela, saa za vipimo na redio, rangi, meli, ushuru, bima. Wengi wanakwama na mwili wa ndege uliokamilika umefunikwa turubai, unasubiri injini, mwaka wa tatu huo.

Ndo maana nasema nunua mkia kwanza. Viwanda vingi vinauza kwa vipande: mkia, afu mabawa, afu mwili. Mkia ni bei ndogo, na una kazi zote utakazokutana nazo mbele. Ukiumaliza na bado unaamka saa kumi na moja alfajiri unataka kurudi bandani, agiza mabawa. Ukiuchukia, umepoteza kidogo. Na kuna sababu nyingine, Desemba 2023 Van's waliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni, wateja waliokuwa wameshalipa advansi wakaambiwa bei imepanda wasaini upya. Kampuni ilisimama tena mwaka uliofuata, lakini aliyekuwa ameagiza mkia tu alilala vizuri kuliko aliyeagiza ndege nzima.

Muda: kwa RV watu wengi wanasema masaa 1,500 hadi 2,000. Ukipata masaa kumi kwa wiki, bila msiba, bila mvua, bila mtoto kuumwa, hiyo ni miaka mitatu minne. Zenith ni rahisi zaidi lakini muda utakaoambiwa na muuzaji uongeze.

Nikuonyeshe kazi yenyewe ilivyo. Karatasi ya alumini iko mezani, unapachika vile vipini vya springi vya kushikilia kwa muda, vya rangi ya shaba ndo vya tundu la robo ya nusu inchi, kila tundu la tatu unaweka kimoja, mpaka bati linafanana na nungunungu. Unapanua matundu kwa drili, unatoa vipini vyote, unatenganisha mabati, na sasa unapita kila tundu pande zote mbili kwa ncha ya drili kubwa iliyoshikwa mkononi, mzunguko mmoja tu mwepesi, kutoa ukucha wa bati uliobaki. Unapitisha kidole. Kikikwaruza bado. Kwenye usukani wa mkia ni mamia ya matundu. Mi siku ya kwanza nilichora mistari yangu kwa penseli kama fundi seremala, nimejisikia fahari kabisa, mwenzangu akaja akanyamaza afu akaniambia lile la penseli ni grafaiti, likibaki kwenye alumini linakaribisha kutu. Tulifuta lile bati nusu siku. Mistari inachorwa kwa kalamu ya wino, na kamwe si kwa msumari, mkwaruzo wa msumari ndo mahali ufa unapoanzia. Haya yote sikuyajua na nilikuwa fundi mwenye vyeti, kwa hiyo usiogope kutojua.

Jumamosi moja shuka Kajiado, Orly Airpark, kuna watu wa ndege ndogo pale. Beba maswali, na uwe tayari kusaidia kushika kitu.

Nasoma chuo hapa Morogoro, uhandisi. Nikipata michoro ya ndege naweza kuiboresha? Nina mawazo ya kuhamisha tanki na vali ya mafuta. – Mwanachuo

Hapana. Ya kwanza jenga kama ilivyochorwa, mpaka nati ya mwisho.

Nikupe kisa. John Denver yule mwanamuziki wa Marekani alinunua ndege ya Long-EZ iliyojengwa na mtu mwingine nyumbani. Kwenye michoro ya Burt Rutan aliyeibuni, swichi ya kuchagua tanki iko mbele, katikati ya miguu ya rubani. Mjenzi hakutaka mafuta yapite sehemu anayokaa mtu, wazo zuri tu ukilisikia, akaihamishia nyuma ya bega la kushoto. Tarehe 12 Oktoba 1997 Denver alikuwa peke yake juu ya ghuba ya Monterey, California, na ili kuifikia swichi hiyo ilibidi ageuke nyuma mwili mzima, na ukigeuka hivyo mguu unajikaza kwenye pedali. Ndege ilianguka baharini. Wachunguzi walitaja jitihada za kubadilisha tanki na mahali swichi ilipowekwa.

Mjenzi yule hakuwa mzembe, alikuwa na akili kama zako na nia njema kama yako. Mawazo yako yaandike kwenye daftari, ukishajenga moja na kuruka nayo masaa mia utajua yapi ya kubaki.

Fundi pole na kazi. Mimi ni mama wa kijana wa miaka 16 hapa Tanga. Kutwa anakata maboksi na thamokoli anatengeneza vindege, sasa anasema anataka kujenga ndege ya kweli. Naogopa. Nimkataze? – Mama, Tanga

Asante mama. Usimkataze, na hofu yako ibaki palepale maana ni hofu ya haki, mjenzi asiye na hofu mi simwamini.

Hivyo vindege vya thamokoli ni shule kamili. Mwambie akitengeneza kimoja akitafute mahali kinapojibalansi kwenye vidole viwili, aweke sarafu puani akirushe, aitoe akirushe tena, aandike kilienda hatua ngapi. Akifanya hivyo mwezi mmoja atakuwa anajua kuhusu uzito na mkia mambo ambayo watu wazima wenye injini mkononi hawayajui. Hesabu na fizikia shuleni asiziachie.

Na vijana wanaweza, mradi wasimamiwe. Mwaka 2019 kundi la vijana wa sekondari Afrika Kusini waliunganisha ndege ya Sling 4 ya watu wanne, seti kutoka kiwandani, kazi ikachukua kama wiki tatu, na ndege hiyo ikaruka kutoka Cape Town mpaka Cairo. Kiwanda na mainjinia walikuwa nao bega kwa bega, hilo ndo la kushika. Huko Kpong, Ghana, wasichana wa vijijini walifundishwa kujenga Zenith CH 701 na kuzihudumia. Kwa hiyo ukimwona anaanza kukusanya chuma na injini ya pikipiki peke yake, hapo ndo umshike mkono umtafutie fundi. Nitakachoweza kusaidia nitasaidia, mlete Arusha likizo ya Desemba, kazi ya kutoa kucha kwenye matundu ipo tele.

Mimi sina leseni ya urubani. Naweza kujenga tu halafu mwingine akarusha? – Msomaji, Dodoma

Kujenga ni kitu kimoja na kurusha ni kingine, wajenzi wengi hawarushi mara ya kwanza hata kama wana leseni. Mtafute rubani anayeijua aina hiyo ya ndege. Marekani ndege mpya ya kujijengea kwa kawaida inaruka masaa 25 au 40 ya majaribio, kutegemea injini na propela iliyofungwa, kwenye eneo walilopangiwa na bila abiria, na huo ni utaratibu mzuri kuufuata popote. Angalizo moja: usijaribu kuikimbiza kwa kasi uwanjani "kupima breki tu" kama hujajiandaa kuruka, kuna watu walijikuta juu bila kutaka.

Ila ukiwa na hela ya moja tu kati ya masomo ya urubani na seti, anza na masomo. Ukisharuka utajua ndege ya aina gani unaitaka kweli.

Fundi nina chumba cha futi 12 kwa 14 na mlango wa kawaida, kinatosha? Na kifaa cha kwanza kununua ni kipi? – Msomaji, Mwanza

Kwa mkia kinatosha kabisa. Kwa bawa hapana, mabawa ya CH 750 kwa mfano kila moja ni kama mita 4, litaenea ukilaza kwa hesabu lakini hutapata pa kupita, na kulitoa kwenye mlango wa kawaida kupitia korido ndo shughuli. Kata fito yenye urefu wa kipande kikubwa kuliko vyote ujaribu kuitoa nje leo, kabla hujaagiza.

Kifaa cha kwanza ni meza, na usiinunue, itengeneze. Futi 4 kwa 12 ndo nzuri, kwako fanya futi 4 kwa 8, juu plaiwudi nene, miguu sita. Bati ni laini, litafuata umbo la meza, meza ikiwa imejipinda na bawa litajipinda, na ndege ya hivyo itakuwa inalalia upande mmoja maisha yake yote. Pima maji peke yake haitoshi. Chukua nyuzi mbili za kushonea viatu, zifunge kwenye misumari minne ya kona, moja kona kwa kona na nyingine kona kwa kona zikatane katikati kama alama ya kuzidisha, misumari yote iwe na kimo sawa juu ya meza. Chuchumaa uangalie zinapokutana. Zikigusana kwa wepesi kabisa sasa zishushe na kuzipandisha kwa zamu, ya chini ipite juu na ya juu ipite chini, zikigusana vilevile mara zote mbili meza imenyooka. Kama upande mmoja zimeachana hata kwa unene wa kadi ya simu, weka kipande cha plaiwudi chini ya mguu mmoja, subiri usiku upite maana mbao inakaa, pima tena asubuhi.